Miltos na Kura ya Vigae

Shoga Evanthia, sina mbavu na sina pa kujificha!

Si unamjua mume wangu Miltos na Athene yake ya kale? Leo kwenye kikao cha wakazi wa jengo letu kasimama: "Mababu zetu walimfukuza msumbufu kwa kura. Kila mtu aandike jina kwenye kigae cha sahani iliyovunjika!" Alimlenga Poliksenia, msimamizi wetu anayezima hita mapema.

Akasoma kura mwenyewe. Cha kwanza: Miltos. Cha pili: Miltos. Miltos, jamani! Poliksenia machozi yanamtoka kwa kucheka: "Endelea, mwalimu!"

Sasa kaninunia. Anauliza kigae cha bluu chenye jina lake ni cha nani.

Shoga, vya bluu vilikuwa viwili tu, chake na changu. Na chake kiliandikwa Poliksenia.