Sindano ya Mgongoni

Ihembe, 6 Machi 1954

Mjukuu wangu Joviana,

Salamu. Mimi ni mzima wa kuandika tu, mengine usiulize. Wewe je, hao masista wanakulisha?

Jiwe la figo limenirudia. Linachoma ubavu wa kulia mpaka kinenani, nikienda haja ndogo natoa damu. Daktari wenu alikataa kunipasua, eti kifua changu kibovu, akinipa dawa ya usingizi sitaamka. Basi nife nikiwa macho? Na wewe unasomea uuguzi huko, hata neno hujanipa. Au mnafundishwa kukunja mashuka tu? Nimechoka, Joviana. Nimechoka hata kugombana na baba yako.

Bibi yako.

Bukoba, 15 Machi 1954

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, ila nakuwaza. Pole sana.

Amekuja daktari mwingine. Wagonjwa wasioweza dawa ya usingizi anawachoma sindano mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini mwili unakufa ganzi, kichwa kinabaki macho. Kama jiwe limeshuka hivyo usemavyo, atalitoa. Panda lori la kahawa pamoja na Baba. Siku ya kupasuliwa usitie kitu mdomoni, hata punje za kahawa ya kutafuna.

Mjukuu wako Joviana.

Ihembe, 21 Machi 1954

Joviana,

Barua nimepata. Wa huku hawajambo, mimi niache.

Nilale uchi, macho kodo, wanaume wananichokonoa? Mimi, mjane wa Rwegoshora? Na kahawa ya kutafuna imekuwa chakula lini?

Jana nimeanguka migombani. Jirani Celestina kaniburuta mpaka ndani kama mkungu wa ndizi. Basi nakuja. Lakini uwemo humo chumbani, unishike kichwa. Usipokuwemo nashuka mezani, ganzi au si ganzi.

Bibi yako.

Bukoba, 2 Mei 1954

Bibi yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu ulifika nyumbani salama. Kidonda kinaendeleaje? Jiwe lilitoka lote, umepona kabisa. Kunywa maji mengi, siyo pombe ya rubisi. Usiwe na wasiwasi tena.

Mjukuu wako Joviana.

Ihembe, 19 Mei 1954

Joviana,

Kidonda kimefunga. Salamu zako zimefika, na uongo wako pia.

Kichwa ulinishika vizuri. Halafu yule daktari wako Mzungu akainua picha ya tumbo langu kwenye taa, akamwambia msaidizi wake Desderius kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Figo ya kushoto, jiwe kubwa zaidi. Liko juu sana, sindano ya mgongo haifiki. Dawa ya usingizi itaua yeye. Usimwambie."

Nilikuwa macho, mtoto wewe! Mliniua miguu, siyo masikio. Nikangoja uniambie wewe. Nimelala wodini nangoja, nimepanda lori nangoja. Unaniandikia nimepona kabisa!

La kushoto limeanza. Huko sirudi, hakuna wa kunipasua. Baba yako sijamwambia, ana kahawa ya kuvuna.

Omba ruhusa kwa masista, uje. Na ukifika usinichekee mlangoni kama muuguzi. Ingia ulie, tumalize, halafu unipikie.

Bibi yako.