Sauti Nyembamba Zimetangulia

Rau, Moshi
Jumatatu, baada ya chai

Kwako Mama Tatu,

Leo nakuamkia mimi. Shikamoo. Usicheke. Mtu akishakutumia vitisho kupitia mtoto wako wa kumzaa, huyo si mke tena, ni mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya huamkiwa. Goti la kushoto linakunjuka? Presha imetulia? Na jogoo wangu bado yupo, au umeshamla kwa hasira? Mimi huku ni mzima kuanzia miguuni hadi shingoni. Juu ya shingo nitakueleza, ila usiniharakishe.

Ujumbe wako umefika. Tatu alinisimamia mlangoni mikono kiunoni, wewe kabisa, akapaza sauti: "Baba, mama anasema uchague. Ama urudi Tabora mwezi huu, ama ubaki hukohuko na huyo mwanamke aliyekukataza kupokea simu."

Mama Tatu, nina miaka sabini na moja. Mwanamke gani huyo mwenye bahati mbaya kiasi hicho? Lakini nakubali, una haki ya kuwaza. Niliaga wiki mbili za kuja kumwona mjukuu, huu ni mwezi wa nne, na simu zako naziona zinawaka naziacha zizime. Kilichonishika huku ni gitaa la besi la kwaya ya Walutheri, na jambo jingine nililokuficha. Naanza na gitaa, maana kwa hilo jingine bado natafuta pa kuingilia.

Usiutazame mwandiko. Tangu nianze nimeshainuka mara nne. Nakwenda hadi getini, natazama mlima, umejifunika, narudi. Nakaa, kiti kinanichoma. Mjukuu mwenyewe ananitazama kama naumwa na siafu.

Basi sikia. Jirani ya Tatu kuna seremala, fundi mzuri wa vitanda. Siku moja nilimkuta ameweka gitaa la besi mezani, ameshika randa. Nikamuuliza anataka kufanya nini. Akasema shingo imepinda, aipunguze kidogo. Nikamwambia, "Wewe, hiyo ni shingo ya gitaa, si mguu wa kitanda. Weka randa chini." Mwenye gitaa alikuwa pembeni, Mwalimu Elia, anayefundisha kwaya huko Marangu, kijana wa miaka hamsini hivi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ndiye niliyewachezesha watu wa Tabora hadi ndoa zikavunjika. Aliguna tu, ila gitaa alinipa.

Ndani ya shingo ya besi kuna chuma kirefu, Mama Tatu. Nyuzi zinavuta mbele, chuma kinavuta nyuma, kama mimi na wewe. Unakikaza kwa spana ndogo, robo ya mzunguko tu, kisha unaacha mbao izoee hadi kesho. Ukiwa na pupa unaipasua. Nilifanya hivyo siku nne, shingo ikanyooka, na Mwalimu akanishika mkono kwa mikono miwili. Tangu hapo kila Jumamosi napanda Marangu kuwasimamia wanakwaya wake. Huko ni migomba na kahawa hadi mlangoni, na baridi inayotafuta mifupa ya wazee peke yake. Nakula mtori, ile supu nzito ya ndizi, wa mama yake Mwalimu, Bibi Ndeonasia, rika letu huyo, na kabla hujauliza: hapana. Ulimi wake unaushinda wako.

Sasa shida ilianza kwenye nyuzi. Nilizisikia zimekufa. Nikizipiga zinatoa "dum, dum" kama mtu anapiga godoro. Wewe umeishi na besi miaka arobaini na hujawahi kuniuliza inafanyaje kazi, kwa hiyo leo utasoma. Uzi mmoja ukiupiga hauimbi sauti moja. Uzi mzima unaimba ile nene unayoisikia. Papo hapo nusu zake mbili zinaimba juu yake, theluthi zake tatu juu zaidi, robo zake nne juu zaidi ya hapo, na kuendelea mpaka sauti nyembamba kama sindano. Zote ndani ya uzi mmoja. Unataka ushahidi? Gusa uzi katikati kabisa, juu ya kile chuma chembamba cha kumi na mbili kati ya vile vilivyolala shingoni, uguse tu kama unapapasa kichwa cha mtoto aliyelala, kisha piga. Ile nene inanyamaza na nusu zinatoka peke yake, kama filimbi. Gusa juu ya chuma cha saba, zinatoka theluthi. Cha tano, robo. Mimi darasa la nne hesabu za sehemu zilinishinda, mwalimu akanichapa, na kumbe nilikuja kuzila maisha yangu yote.

Hizo nyembamba ndizo zinazoufanya uzi ung'ae. Jasho na uchafu vikiingia kwenye mizunguko ya waya, nyembamba zinakufa kwanza na nene inabaki peke yake. Dawa yake sisi wa bendi tunaijua: unazivua nyuzi, unazichemsha dakika kumi, unazianika, zinafufuka. Nikaomba sufuria kwa Bibi Ndeonasia. Alipoona kinachochemka ndani akauliza, "Baba, kwenu Tabora mnakula waya?" Nikamjibu, "Tunakula, ila wa shaba ndio mtamu." Mtori wa siku ile ulikuwa na ladha ya baiskeli. Tulikula.

Nikazifunga nyuzi. Bado dum, dum. Jumamosi iliyofuata nikazichemsha tena. Bado. Mwalimu akasema, "Babu, mbona ziko sawa kabisa? Zinalia kama mpya." Nikamwambia yeye ni mwalimu wa kuimba, nyuzi aniachie. Mara ya tatu nikazichemsha nusu saa nzima, na nilipokuwa naukaza ule mwembamba kuliko wote, ukakatika. Ulinipiga kidoleni, na kwaya nzima inatazama. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya sikukuu yao ya mavuno.

Mwalimu akasema polepole, "Babu, labda si nyuzi. Labda ni masikio."

Hapo, Mama Tatu, nilisema neno baya. Unajua mdomo wangu. Nikamwambia masikio yangu yalikuwa kazini kabla baba yake hajaota ndevu, na kama anatafuta kibovu, atazame akina dada wake wa sauti ya kwanza. Nikasema, "Hawa hawaimbi. Miezi mitatu wanafungua midomo tu kama samaki." Dada mmoja, mfupi, anayesimama mbele siku zote, akafunga daftari lake la nyimbo akatoka nje. Nikachukua kofia yangu nikateremka Rau.

Na sasa nimefika kwenye lile jingine. Ngoja ninywe maji.

Nimekunywa. Mimi sikuja Moshi kumwona mjukuu peke yake. Nilikuja hospitali kupimwa masikio. Hata Tatu sikumwambia. Daktari, binti mdogo mpole, alinivalisha vitu vya masikioni akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilibonyeza, nikabonyeza, kisha nikakaa nasubiri. Nikasubiri sana. Nikamuuliza, "Mashine imezima?" Akasema, "Hapana babu, inaendelea." Akanichorea mstari kwenye karatasi. Upande wa sauti nene mstari uko juu, unatembea vizuri kama mtu na fimbo yake, kisha ukifika kwenye nyembamba unaanguka korongoni. Akasema ni uzee, na pengine zile spika nilizosimama mbele yake tangu ujana. Kuna kifaa cha kuvaa kitanisaidia kidogo, amenipa siku ya kukifuata. Zilizokwenda hazirudi.

Kwa hiyo nilijua. Niliijua karatasi ile iko mfukoni, na bado nilichemsha nyuzi za watu mara tatu. Nilitaka iwe ni uchafu.

Sasa fikiria habari ya simu. Sauti yako ndiyo nyembamba kuliko zote nilizowahi kuishi nazo. Ikipita kwenye simu naipata kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. S na F zimetoroka, T iko njiani. Kipindi cha mwanzo nilikuwa najibu "ndiyo, ndiyo", nikaja kugundua nimekubali shemeji yako ahamie kwetu. Nikaona heri nisipokee. Na mwaka jana wote, ulipokuwa unaniita kutoka uani nami nimekaa sebuleni kama jiwe, ukasema nina kiburi, ukanimwagia chai. Haikuwa kiburi. Chai ile nilistahili kwa mambo mengine, kwa hiyo sidai.

Nirudi Marangu. Siku ile Tatu aliponipa ujumbe wako sikuweza kukaa. Nilizunguka Rau yote mpaka watoto wakaanza kunihesabia raundi. Nikakumbuka sandukuni nina uzi mmoja wa akiba, saizi ileile uliokatika. Nikasema hata kama ni watu wa kununa, gitaa halina kosa. Asubuhi nikapanda. Nilipofika kwenye njia ya kwao, ule uzi ukafumuka mfukoni, unajua vile unavyoruka kama nyoka. Nikaukunja duara, nikatafuta cha kuufungia. Pale mpakani wamepanda majani marefu ya kijani. Nikachuma moja, nikauzungushia uzi, nikapiga fundo. Mwalimu Elia alikuwa uani anamenya ndizi na mama yake. Sikutaka maneno mengi. Nikamnyooshea mkono.

Alitazama mkono wangu, hakutazama uso. Akaweka kisu chini. Bibi Ndeonasia akasimama, na kiuno chake kile kinachouma, akasimama wima.

Nikasema, "Chukua basi. Ni uzi tu."

Mwalimu akasema, "Babu, umeniletea isale."

Kumbe hilo jani, Mama Tatu, si la kufungia vitu. Wachagga wanalipanda kwenye mipaka na makaburi ya wazee wao, na mtu akikosana na mwenzake hadi pabaya, analeta jani hilo limepigwa fundo. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Hata kama uliua ng'ombe wake. Mimi mpumbavu wa Tabora nimekuja na uzi wa besi, nimefunga fundo mwenyewe, nimempelekea mkononi.

Ningeweza kucheka niseme ni bahati mbaya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini Mwalimu alikuwa amelipokea kwa mikono miwili na macho yamemlowa, na yule bibi akaniambia, "Umeleta isale, taja kosa lako. Tumekwisha kusamehe, lakini litaje."

Nikasema, "Wale akina dada waliimba. Sikuwasikia mimi. Siwasikii. Hata wewe mama hapo nakutazama mdomo."

Mwalimu akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaja. Nyuzi zako zilikuwa nzima. Nimeziua kwa kuzichemsha."

Bibi akakaa chini tena, akachukua ndizi yake. "Na mtori wangu je?" akasema. "Huo nao utaje."

Nikautaja.

Tulifunga uzi pamoja. Kukaza sauti zilingane bado naweza, na hilo naomba ulisome mara mbili. Unagusa robo ya uzi mnene na theluthi ya uzi wa jirani yake, unazipiga pamoja. Zikipishana kidogo zinatoa wimbi, wau, wau, wau, unakaza taratibu na wimbi linapungua mwendo mpaka linalala. Nililaza taya langu kwenye pembe ya gitaa, na wimbi nililisikia mfupani, hadi kwenye meno matatu yaliyobaki. Kisha kwaya ikaja, nikamwomba radhi yule dada mfupi mbele ya wenzake. Akaniambia, "Haya babu, sasa tazama." Akaimba. Sikusikia kitu, ila mishipa ya shingo yake niliiona, imesimama kama nyuzi nne.

Ndivyo mambo yalivyo. Nilipokwisha kulitaja kwa watu baki, nikaona ni aibu wewe ndiye uwe wa mwisho kujua. Hii ni barua ya tatu, mbili nimezichana.

Sikukuu yao ni Jumapili hii, Jumatano inayofuata nachukua kifaa changu hospitali. Baada ya hapo sina kazi Moshi, na miguu imeshaanza kuondoka bila mimi. Lakini usinipokee kwa huruma. Huruma yako naijua, inakuja na uji. Nataka ufikirie kwanza. Anayerudi ni mtu atakayepata nusu ya maneno yako, na nusu nyingine ataitunga, na unajua ninavyotunga. Ukinisemesha usinipigie kelele, kelele zinazidi kuwa nyembamba. Njoo karibu, sema kwa sauti ya kifuani, polepole. Ukichoka niwekee mkono begani uongee hivyohivyo, tutaona kama mfupa wa bega nao una masikio.

Nisalimie dada yangu Zuhura, na umwambie deni la maneno aliloniachia msibani sijasahau. Msalimie Kapama aliyetupigia tumba, mwambie ndiye mtu pekee ninayemsikia hadi leo, na hata hivyo alikuwa anakimbiza mwendo. Imamu wetu naye, adhana yake nitaifuata kwa saa. Shemeji yako, kama kweli alihamia, mpe salamu na mlango wa kutokea. Tatu na mumewe hawajambo, mjukuu ameota jino na amelijaribu kwenye kidole changu kibovu.

Sasa jibu lako. Kama ni nirudi, liandike kwa mkono wako, niwe nalo kwenye karatasi. Kama ni nisirudi, nipigie simu.

Mumeo, anayekuamkia tena,
Baba Tatu