Kipande cha Katikati

Mumias, 9 Novemba 1963

Dada Mwanamisi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, na jogoo uliyemwacha kifaranga anafukuza wageni.

Jana mpimaji wa ardhi alikuja. Mimi na jirani Chrispinus tukagombania chemchemi mpaka kamba yake ikakatika. Ndipo nikakumbuka marehemu baba, mpishi wa Waingereza kule Kuwait. Alisema bwana wake alichora mpaka wa Kuwait na nchi jirani ya Najd, akaacha kipande katikati wafugaji wote wanyweshe ngamia. Chrispinus akacheka: "Basi hata ng'ombe wangu ni ngamia." Chemchemi tumeiacha ya wote.

Nyumba ya baba, tuliyoigombania hata ukaninunia miaka sita, chumba cha kati nimekitoa kufuli. Njoo. Jogoo nitamchinja, na firigisi, haki ya wanaume, tutaigawa nusu kwa nusu.

Kaka yako,
Mahmoud