Mahindi ya Boma la Zamani

Jumapili, Agosti. Mvua imeanza saa saba mchana na mpaka sasa jioni haijakatika. Baridi imeingia hadi kwenye madaftari, na mimi sina raha hata kidogo.

Leo tulikwenda matembezi. Naandika neno hilo na linanichekesha, maana sisi si watu wa matembezi. Jumapili yetu huwa ni kanisa, ugali, kufua nguo za shule na kulala mapema. Lakini Mzee, baba mkwe wangu, alikuwa ameahidi kwamba siku kifua chake kitakapopona atatupeleka sote kuona shamba. Wiki iliyopita daktari alimwambia amepona.

Basi nikafungasha. Viazi vya kuchemsha, chapati, chupa ya chai, na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda ambayo Mzee haendi mahali bila hayo. Binti yangu Jebet, ambaye hajafika miaka mitatu, nilimvalisha sweta jekundu na viatu vya kanisani. Nyanya yake, ambaye nyumba nzima tunamwita Kogo kama mtoto anavyomwita, alivaa leso mpya juu ya koti kuukuu la mume wangu. Mume wangu mwenyewe hakuwepo. Kazi ya reli imemweka Nakuru mwezi wote huu.

Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa mimi. Mimi nilijua tunakokwenda.

Acha niandike tangu mwanzo, kwa sababu nikiruka sehemu yangu leo nitairuka siku zote.

Shamba liko upande wa Kapseret. Zamani lilikuwa la mzungu, na Mzee na Kogo waliishi humo ujana wao wote, yeye akikamua ng'ombe wa mzungu na kulisha wake wachache pembeni. Siku moja wakaambiwa mifugo ya wafanyakazi imezidi, waondoke. Uhuru ulipokuja mzungu akauza, na watu wa huku wakaungana katika kampuni ya kununua shamba. Mzee aliuza karibu ng'ombe wake wote ili jina lake liandikwe. Watu walimwambia kuna mashamba mazuri zaidi Ainabkoi. Hakutaka. Alitaka hilo, na ndani ya hilo alitaka sehemu moja tu, kule juu palipokuwa na boma lao.

Sababu sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na mume wangu, mara moja, tena kwa sauti ya chini. Mtoto wao wa kwanza alifariki kabla hajaota meno, na kwa desturi ya siku zile wakamzika kando ya zizi, kwenye samadi ya ng'ombe. Halafu wakafukuzwa, wakamwacha hapo.

Februari kampuni iligawa vipande kwa kura. Ili asiwepo mtu wa kunung'unika kwamba kamati imependelea, walikubaliana karatasi ziokotwe na watoto wadogo wasiojua kusoma. Kila familia ilete mtoto wake. Ndani ya banda la kukamulia watu walijaa, wazee wakaketi nje, na mimi nikamnyanyua Jebet hadi kwenye debe. Alitia mkono, akatoa karatasi, akataka kuila. Katibu akamnyang'anya akasoma: sitini na moja.

Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani. Mimi ni mwalimu, ramani sihitaji kusomewa. Sitini na moja ilikuwa chini kabisa kwenye kona ya mto, na sehemu kubwa yake imechorwa vile vistari vya kinamasi. Boma la zamani lilikuwa kwenye namba kumi na tisa.

Nikatoka nje. Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi ovyo ovyo. Tangu niolewe, Mzee akitaka kuniambia jambo humwambia mtu mwingine huku nikisikia, na tangu Jebet azaliwe humwambia yeye, hata alipokuwa wa kunyonya. Ni adabu, nami nimeizoea. Wakati mwingine hunifurahisha, kusikia mtoto mchanga akiulizwa kama chumvi imeisha.

“Jebet,” akasema, “uliza mamako, tumeangukia wapi?”

Alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia magotini, macho yakiwa kule juu. Ndevu zake zilikuwa zinatetemeka.

“Mwambie Mzee,” nikamwambia mtoto, “ni huko juu, upande wa boma.”

Mzee alivaa kofia, akaivua tena. Kogo alifunika uso kwa leso.

Ningeweza kurekebisha. Kamati ilitoa mwezi mzima wa watu kubadilishana vipande wakikubaliana. Nilijiambia nitasema kesho, kisha Jumapili, kisha mume wangu akija. Mume wangu nilimpa namba, lakini ramani hakuiona, naye hakuuliza. Machi ikafika na kifua cha Mzee kikaharibika kabisa. Walikuwa wanakaa nasi hapa mjini tangu Krismasi, kwenye vyumba vyetu viwili, ili awe karibu na hospitali. Nikajiambia mgonjwa haambiwi habari mbaya. Mwezi wa kubadilishana ukaisha. Nilimpikia uji asubuhi na jioni, nikachemsha maji yake ya kunywa, na kila kikombe nilichompelekea kilikuwa na uongo wangu ndani.

Leo asubuhi jirani yetu Abdi alikuwa anapeleka lori lake huko kuchukua ngozi, akakubali kutubeba. Alimtania Mzee kwamba mwenye shamba hukaa mbele. Mzee akakataa, akampa Kogo na Jebet nafasi hiyo. Kwa hiyo nyuma tukabaki mimi na yeye, kila mmoja kwenye pembe yake, adabu imetutenganisha kwa upana wa lori zima. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini mtu wa kupitishia maneno alikuwa mbele akipiga honi na Abdi, na mimi sikuwa na ujasiri wa kufungua mdomo peke yangu. Mzee alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa pua.

Tulishuka kwenye njia panda. Alitangulia na fimbo yake, mtu aliyekuwa hawezi kufika chooni bila kushikwa mwezi wa tano. Jebet alikuwa mgongoni mwa Kogo, na Mzee akawa anamwonyesha kila kitu. Hapa ndipo ng'ombe waliogeshwa. Hapa mzungu alianguka na farasi, na sisi tulicheka tukiwa nyuma ya mti. Huu mti wa wati niliupanda mimi. Mtoto aliitikia kila kitu kwa ndiyo.

Kisha tukapanda kilima na Mzee akasimama.

Palikuwa na nyumba ya mabati mapya, moshi ukitoka, na shamba la mahindi lililofika hadi kwenye ua.

“Hawa ni akina nani kwa shamba yetu?” akamuuliza Kogo.

Mwanamke akatoka nje akifuta mikono kwenye aproni, akatukaribisha kama wageni wa Jumapili. Alisema anaitwa Mama Kiptoo. Matone yakaanza, akatuvuta sote chini ya paa la baraza na kuleta viti. Chapati zangu zilikuwa kwenye kikapu na sikuweza kuzitoa.

Kogo alikataa kuketi. Alisimama ukingoni mwa baraza akitazama mahindi, nami nikatazama alikotazama. Katikati ya shamba kulikuwa na duara la mahindi yaliyoyazidi mengine kwa urefu wa mkono mzima, kijani kilichokoza, mahindi manene. Kila aliyefuga anajua maana yake. Samadi ya zamani haiishi ardhini. Hakuna aliyehitaji kutuambia boma lilikuwa wapi.

“Hiyo mahindi ya hapo iko tofauti,” Mama Kiptoo akasema kwa fahari. “Hatukuweka mbolea hata kidogo. Inakuwanga mzuri tu yenyewe.”

Akaenda mwenyewe kwenye mvua, akavunja mahindi hapo hapo, katikati ya duara, akatuchomea. Ni mwanamke mwema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alitupa kila mmoja lake, moto, kwenye jani.

Mzee alilishika bila kulila. Mimi niliuma mara moja nikashindwa kumeza. Jebet alimaliza lake akanyoosha mkono kwa la Kogo. Kogo akakaa chini kwenye sakafu, akampakata, akaanza kupukuchua punje kwa kidole gumba na kumlisha, moja moja, mpaka gunzi likabaki tupu. Hakulia. Alikuwa anafanya polepole sana.

Mama Kiptoo alikuwa anaongea kujaza kimya, kama sisi sote tufanyavyo wageni wakinyamaza. Alisema mahali hapa ni pazuri, lakini hapakuwa chaguo lao.

“Mzee wangu alikuwa anataka ile ya chini kwa mto, ya sukuma na kabeji. Tulingoja mwezi yote mtu akuje tubadilishane. Hakuna mtu alikuja. Sasa karatasi ilienda kwa seveya wa kupima mashamba, na nyumba ndio hii tumejenga.”

Nikalifunika hindi langu kwa jani.

Mzee hakunitazama. Aliweka hindi lake juu ya kiti kwa uangalifu. “Jebet,” akasema, “uliza mamako yetu ni namba gani.”

Mdomo wa mtoto ulikuwa umejaa. Sikumngoja.

“Sitini na moja, Baba. Kule chini kwa mto.”

Ni mara ya kwanza katika miaka mitano kumsemesha moja kwa moja. Aliinuka akachukua fimbo, akateremka kwenye mvua. Tuliiona kofia yake ikipita mwisho wa mahindi, kisha kwenye matete, kisha ikasimama muda mrefu. Nilitaka kumfuata. Kogo aliniambia, “Mwache.” Ndilo neno pekee aliloniambia kule.

Alirudi suruali imelowa hadi magotini. Akamwomba Mama Kiptoo maji ya kunawa miguu, akamshukuru kwa mahindi, akamuuliza habari za watoto wake, akambariki. Mama Kiptoo alikuwa ameshaelewa kuna jambo, lakini hakujua ni lipi, na akatufungia mahindi mengine ya kwenda nayo. Kogo aliyapokea kwa mikono miwili. Ameyabeba mpaka nyumbani mwenyewe, hakutaka nimsaidie.

Njiani Abdi hakutania mtu. Safari hii Mzee na Kogo walikaa nyuma chini ya turubai, mimi na mtoto mbele.

Tulipofika, Mzee alibaki nje na Abdi, nikadhani wanazungumza. Kogo alinifuata kwenye meko. Nilikuwa nimeshaanza kukanda unga wa chapati ambazo hakuna aliyezihitaji. Nikamwambia pole. Nikamwambia nilijua tangu Februari, kwamba niliona ramani kwa macho yangu. Nilisema yote, hata mwezi wa kubadilishana.

Alinisikiliza akiwa ameshika kisu na sukuma.

“Mzee alisema kwa lori,” akasema, “tutahama mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiisha. Atachimba mitaro. Alisema usijisumbue na hiyo maneno.”

Hakuuliza kwa nini nilidanganya. Laiti angeuliza, ningejibu ni kwa sababu ya uso wa Mzee siku ile kwenye jiwe, naye angeniamini, na ingekuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii. Niliogopa akisikia ni kinamasi ataliacha shamba, na wasiondoke tena hapa. Nilikuwa nimechoka kulala chumba kimoja na meko na baiskeli. Nilikuwa nimechoka kukohoa kwake. Nilitaka waende wakiwa na furaha, lakini zaidi nilitaka waende.

Kogo akaendelea kukata sukuma. Nikanawa unga, nikaenda chumbani mwao kuchukua taa ya mafuta. Chumba hicho huwa siingii Mzee akiwemo. Giza lilikuwa limeanza. Nilisimama mlangoni nikawaza kwamba Desemba si mbali, na kwamba kitanda cha Jebet kingeenea chini ya dirisha. Kabla sijajua ninachofanya, mikono yangu ilikuwa ukutani, napima kwa shubiri. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimefika ya saba nilipogundua Mzee ameketi kwenye ukingo wa kitanda, miguu mitupu, soksi zake mbichi zimetandazwa kwenye kiti.

Alikuwa ananitazama. Mtoto hakuwepo wa kupitishia neno.

Mzee aliinua miguu yake akaisogeza upande, ili niweze kupima hadi kwenye kona.