Mkono Uliogeuza Kibao

Kwa Mheshimiwa Mshauri wa ukurasa wa Ijumaa,

Kwa unyenyekevu na taadhima nakuletea shauri langu, nikitumaini utaniwia radhi endapo maandishi yangu yatakuwa marefu, kwa maana niliacha shule nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, na elimu niliyo nayo nimejipatia mwenyewe majira ya baridi, ziwa likiwa limeganda na mimi sina kazi ila kukarabati mashua na kusoma kamusi, na tangu hapo nimejizoeza kutoandika neno nisilojua maana yake; ila neno ninalopaswa kuliandika leo nalijua maana yake vema, nami kwa wiki tatu nimeshindwa kulitamka.

Mimi ni mwalimu wa mashua za tanga katika kambi ya watoto ya majira ya joto hapa Maine, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Watoto huniita Kapteni. Gatini petu pana ubao mkubwa, na kila mtoto ana kibao chake kidogo chenye jina, upande mmoja mwekundu na wa pili mweupe. Akiingia majini hukigeuza kiwe chekundu, akirudi nchi kavu hukigeuza kiwe cheupe, na sharti ni moja tu, kwamba mkono wa mtoto mwenyewe ndio ugeuze, si wa rafiki yake wala wa mwalimu. Msimamizi wa ubao alikuwa mama mmoja wa miaka sitini na mitatu, nimwite Dottie, ambaye hajapata kulegeza sharti hilo kwa mvua wala kwa jua; mtoto akisahau, Dottie humfuata hadi bwalo la chakula na kumpigia kelele mbele ya wote, "Wewe, inuka! Weka kijiko chini! Kwangu mimi bado uko majini!" na mtoto hutoka mbio akilia, huku wenzake wakimzomea, "Kazama! Kazama!"

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, Mheshimiwa, na lilizaliwa na huruma, kwani niliwaonea uchungu wale wasahaulifu, nami kwa miaka mingi, kila Dottie alipotoa kisogo, niliwageuzia vibao vyao kimyakimya nikajiona mtu mwema.

Alhamisi moja ya mwezi wa Julai nilitoa mashua nane, watoto wawiliwawili. Mtoto mmoja wa miaka kumi, nimwite Emmett, aliyekuwa amesahau kibao chake siku tatu mfululizo, alimshawishi mwenzake Silas wasogelee kisiwa cha mawe kutazama kiota cha ndege, jambo ambalo tumelikataza. Emmett akashuka, upepo ukaisukuma mashua, na Silas, ambaye ana miaka kumi na mmoja, hakuweza kuirudisha peke yake, akawafuata wenzake hadi gatini, akanyamaza kwa kuogopa adhabu, akitumaini kwamba mimi, katika boti ya injini ninayowafuatia, nimekwisha kumchukua mwenzake. Mimi nilihesabu milingoti, ikawa minane, vichwa sikuvihesabu. Kengele ya chakula ikalia, siku hiyo ilikuwa makaroni ya jibini, watoto wakatimka, Dottie akaenda kando kumtoa mtoto mmoja mwiba wa nyuki, nami nikatazama ubao nikaona kibao kimoja chekundu, cha Emmett, nikasema moyoni, "Huyu tena!" Nikakigeuza.

Dottie aliporudi akaona ubao wote ni mweupe, akafunga gati. Saa nane mchana, radi ikipiga, Silas alisimama juu ya benchi bwaloni, mbele ya kambi nzima, akapaza sauti, "Emmett yuko kisiwani!" Hatukumkuta kisiwani. Alikuwa amejaribu kuogelea, tukamkuta amekumbatia boya la mashindano, midomo imekuwa rangi ya wino, hawezi kulitaja hata jina lake. Alilazwa siku mbili, akapona, wazazi wakamrudisha kwao Connecticut, na mama yake ameandika kwamba hata kuoga siku hizi ni mpaka abembelezwe.

Mkurugenzi alituita ofisini, akauliza, "Nani kageuza kile kibao?" Nilikuwa nimesimama kando ya birika la kahawa. Dottie aliitazama mikono yake, akasema, "Sikumbuki kukigeuza. Lakini ubao ni wangu, na zaidi yangu hakuna anayeugusa. Basi nitakuwa ni mimi." Aliachishwa kazi siku hiyohiyo, nami nilimbebea kiti chake hadi kwenye gari.

Laiti mambo yangeishia hapo! Juma lililopita nilimpelekea chupa ya jemu ya beri, nikamkuta anafunga vyombo vyake katika makasha. "Kapteni, mama yangu alianza hivihivi," akaniambia. "Siku ya kwanza aliweka viatu ndani ya jiko la kuokea, akabisha kabisa kuwa si yeye."

Nikasema, "Pengine si wewe uliyegeuza, Dottie."

Akacheka. "Basi nani, popo? Acha kunibembeleza bwana, mimi si mtoto wa mashua zako."

Amekwisha kumpa mpwa wake funguo za gari, paka amempa jirani, na mwisho wa mwezi huu anahamia nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiari yake, kabla, asema, hajaja kuichoma nyumba bila kujua. Kisha alinishika mkono. "Wewe ulikuwepo. Niambie kweli, uliniona nikikigeuza?"

Nikamjibu, "Sikukuona."

Mheshimiwa, kila neno katika jibu hilo ni sahihi, na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo. Dottie akatikisa kichwa. "Hata wewe hukuona," akasema. "Ndivyo ilivyo, basi. Mwenyewe sijui, na mwenzangu hakuona."

Tarehe 16 Agosti, siku ya kufunga kambi, mkurugenzi amekusudia kuliita kombe la mashindano kwa jina langu. Sina mke wala mtoto. Nyumba ninayolala ni ya kambi, na kazi nyingine siijui. Nikisema, nitapoteza vyote. Nisiposema, nitaendelea kula na kuvaa na kuitwa Kapteni, ilhali ndani yangu hamna mtu. Kile kibao cha Emmett nilikiondoa ubaoni, ninacho mfukoni kila siku, na sijui nakihifadhia nini. Je, inajuzu nimwandikie mkurugenzi barua isiyo na jina, kambi ikishafungwa? Au, maadamu Dottie mwenyewe amekwisha kukubali, niyaache yalivyo? Nimetafuta mlango, sijauona.

Wako kwa heshima zote,
Aliyezama Nchi Kavu

JIBU

Kapteni,

Barua yako haina hata nukta iliyokosewa mahali pake, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu aliyeweza kuyapanga haya vizuri namna hii amekuwa akiyapanga badala ya kuyasema.

Pole. Pole ya kweli. Ulikosea kama wakoseavyo watu wenye moyo laini: ulitaka kumwondolea mtoto aibu ya dakika mbili, ukamwondolea na ulinzi wake. Kwa hilo sikupigi mawe. Lakini ya kibao yalikuwa ajali. Ya birika la kahawa hayakuwa ajali. Na ile "Sikukuona" uliyomwambia mwanamke aliyekushika mkono, usithubutu kuniambia tena kuwa kila neno lake lilikuwa sahihi.

Mtoto wa miaka kumi na mmoja alinyamaza saa mbili, ikamshinda, akapanda juu ya benchi. Huyo umemfundisha wewe kushika tanga. Sasa akufundishe yeye.

Unasema Dottie amekubali. Amekubali nini? Amekubali kwamba akili yake imemtoka. Mama wa watu anajizika akiwa mzima, na wewe unampelekea jemu! Barua isiyo na jina haitamfukua. Atasema ni rafiki fulani kamwandikia kwa huruma, kisha aendelee kufunga makasha yake. Na ukingoja kambi ifungwe, kombe litakuwa limekwisha kuitwa kwa jina lako.

Sasa nisikilize. Jibu hili nimekutumia kwa posta Jumatatu, kwa anwani iliyo juu ya bahasha yako; gazetini litatoka Ijumaa. Majina umeyabadilisha, lakini ziwa lenu ni dogo, na ubao wa vibao vyekundu na vyeupe kila mtu anaujua. Una siku chache za kumtangulia mgawa magazeti. Zitumie.

Nenda kwa Dottie kwanza, kabla ya mkurugenzi, maana yeye ndiye anayehama. Usimwombe msamaha siku hiyo. Utakuwa umemtwika kazi nyingine. Akikufungia mlango, kaa kimya uondoke. Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa mpwa wake, umwambie arudishe funguo za gari. Kisha ofisini kwa mkurugenzi, kwa mdomo, ukiwa umesimama palepale uliposimama siku ile. Mama yake Emmett mwandikie barua, na chini yake utie jina lako kamili.

Utafukuzwa? Nadhani ndiyo. Sitakudanganya, umekwisha kudanganywa vya kutosha na wewe mwenyewe. Ila mtu anayejua kuziba mashua hakosi banda la kufanyia kazi, na Dottie akili ya pili hana pa kuipata.

Jambo la mwisho. Ukifika kwake usianze na maneno. Maneno unayajua mno. Toa kile kibao mfukoni, kiweke juu ya meza yake, upande mwekundu juu, umwambie atazame. Kisha kigeuze, kwa mkono wako.