Riwaya Iliyoanza na Mwisho Wake

Kinoo,
Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mama. Goti linasemaje? Dada Nekesa ananiambia lilikusumbua mvua ilipoanza, na kwamba umekataa fimbo kwa sababu fimbo ni ya wazee. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Irene amepona kikohozi, na mjukuu wako Nafula ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anaziba mdomo kila akicheka. Ameniuliza kama wewe bibi yake, kukhu, nawe una mapengo. Nimemwambia kukhu anayo meno yote na anamshinda baba yake kutafuna muwa.

Najua unashangaa kupata barua. Siku hizi watu hupiga simu, lakini simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Tangu tulipomzika ndugu yangu Simiyu, mwaka wa pili sasa, nakusikia nyuma ya sauti ya Nekesa tu, ukifukuza kuku au ukiuliza ni nani huyo. Akisema ni Wafula, unanyamaza. Barua unaweza kuichana, ndiyo, lakini nakujua: hujawahi kuchana kitu chenye maandishi.

Kazi bado ni ile ile. Nina kichumba changu katikati ya mji, ghorofa ya tatu juu ya duka la karatasi, na mashine yangu ya kukatia bado inalia nikiivuta. Wanafunzi huleta kazi zao za mwisho wakitaka jalada gumu lenye herufi za dhahabu, na wote hutaka leo leo. Makanisa huleta vitabu vya nyimbo vilivyoraruka. Hao hawana haraka, wanangoja hata mwezi na bado wananiombea.

Lakini nilitaka nikuambie habari ya chama chetu. Usicheke. Ni chama cha kusoma riwaya, hakuna mchango wala bahati nasibu. Kilianza kwa Agneta, jirani yetu, ambaye hupika kwenye nyumba moja huko Kitisuru. Bosi wake alipohama alimwachia sanduku zima la riwaya za Kiswahili. Agneta alitaka kuwashia jiko. Mama Njeri, mwenye nyumba wetu, akamkuta na kiberiti mkononi akamgombeza mpaka mtaa mzima ukatoka. Tangu siku hiyo tunakutana kwake kila Jumapili baada ya kanisa: yeye, Agneta, mimi, na Kevo, kijana anayelinda mlango wa benki moja kule Upper Hill. Tunakunywa chai, tunakula nduma, tunabishana.

Mama, sikujua riwaya zinaweza kumtoa mtu maneno hivyo. Tulisoma moja ya mjane aliyekataa kufua shati la marehemu mumewe. Agneta alisema huyo ni mchafu. Mama Njeri aliinuka akaufungua mlango wa chumbani, tukaona koti la mzee wake kwenye msumari, na mzee huyo ana miaka tisa kaburini. Agneta aliomba msamaha mpaka chai ikapoa. Nyingine ilikuwa ya mwizi aliyegeuka fundi viatu, na sote tulimsifu isipokuwa Kevo. Yeye alisema, "Huyo hajabadilika, amechoka tu. Nawaona hao kila siku." Tulibishana naye wiki mbili, na hata leo sijui kama hakuwa na haki kidogo.

Shida ni kwamba kila kitabu ni kimoja na sisi ni wanne. Kwa hiyo mimi hukifungua mgongo, nakigawa mafungu manne, kila fungu nalishona peke yake na kulivalisha kadibodi yenye nambari. Mama Njeri huanza na la kwanza kwa sababu ya umri na kwa sababu nyumba ni yake. Jumapili inayofuata anampa Agneta, naye anachukua la pili, na hivyo hivyo mpaka linifikie mimi wa mwisho. Sheria yetu ni moja: aliye mbele hasimulii.

Sasa sikia nilichofanya, mimi fundi wa miaka kumi na miwili. Kuna riwaya ya mchimba visima anayeitwa Badi. Niliigawa siku ambayo ilitimia mwaka mmoja tangu Simiyu aondoke. Mikono ilikuwa kazini, kichwa hakikuwapo. Nilikata kingo za chini nikaondoa na nambari za kurasa, kosa ambalo hata mwanagenzi huchapwa kwa ajili yake. Kisha kadibodi ya kwanza nikaivalisha fungu la nne, na ya nne nikaivalisha fungu la kwanza. Nikafunga, nikampelekea Mama Njeri, nikarudi zangu.

Hakuna aliyegundua. Mama Njeri alisoma mtu mwenye mvi anafika kijijini kwa miguu, anamchimbia mama mmoja kisima bila malipo, na yule mama anateka maji ya kwanza anampa yeye anywe. Alimpenda sana Badi. Agneta naye alimpenda. Aliona ajabu kidogo kwamba hadithi inaanza watu wakiwa tayari wazee, lakini akasema, "Hivi vitabu vya siku hizi vinaanzanga hivyo, unatupwa tu katikati ujipange."

Wiki ya nne, mimi nikiwa ndiyo kwanza nasoma habari za yule mzee na kisima chake, Mama Njeri, ambaye sote twamwita Shosho, yaani bibi, alishuka ngazi na kadibodi ya nne mkononi. Nilikuwa naanika nguo.

"Wafula! Wewe fundi gani? Mwisho umeweka mwanzo!"

"Shosho, kwani kuna nini?"

"Huyu mwanaume nimempenda mwezi mzima. Nimemuombea mpaka kanisani! Kumbe ni yeye aliacha shimo wazi, mtoto wa ndugu yake akaingia. Na watu wakitafuta mtoto wakamuuliza, umefunika? Akasema amefunika. Wakaenda kutafuta msituni mpaka jioni."

Nikamwambia nitakishona upya. Akatikisa kichwa.

"Utashona nini? Nimeshamsamehe. Ningejua mbele, singempatia hata hayo maji. Sasa nimempatia, nitamnyang'anya aje?"

Alipanda ngazi akibubujikwa na machozi na kunitukana kwa Kikikuyu, na mimi nikabaki na shati la Nafula mkononi. Irene aliniita mara tatu ndipo nikamsikia.

Sheria ya kutosimulia ikiwa imeshavunjika, Jumapili hiyo walibishana sana. Kevo alimtetea Badi, "Shosho, jamaa hakuua mtoi makusudi. Alikuwa na haraka tu." Agneta akasema haraka si kosa, kosa ni ule uongo, kwa sababu ule uongo uliwapeleka watu msituni. Mama Njeri akaniuliza, "Na wewe uliyetuletea hii balaa, unasema nini?" Nikataka kusema kitu cha kufundi fundi, habari za gundi na uzi. Badala yake nikawasimulia Simiyu. Wananijua miaka sita, Mama, na hawakujua kwamba niliwahi kuwa na ndugu.

Nilipomaliza, ni Mama Njeri aliyenijibu. Ni lazima ujue kwamba Njeri, binti yake Mama Njeri, alifia ng'ambo alikokwenda kufanya kazi za nyumbani, na mama yake aliambiwa siku ya sita. Kwa hiyo aliponijibu nilijua hasemi kwa kunifariji.

"Mamako hana hasira ya kifo," akasema. "Kifo ni ya Mungu. Hasira yake ni ile safari ulimnyima. Mwandikie. Na usimwandikie ukijitetea."

Mama, nilifikiri nikuandikie kama kitabu kile kilivyotoka mikononi mwangu. Nikuonyeshe kwanza mtoto wako mwenye mvi, amepiga magoti, umwonee huruma, halafu baadaye ndipo uambiwe. Ingefaulu labda. Lakini ingekuwa ni kukudanganya mara ya pili. Wewe unajua nusu ya nilichofanya, na hii ndiyo nusu ya pili.

Unajua kwamba nilikuambia anaendelea vizuri na haikuwa kweli. Hujui kwamba Jumanne ile muuguzi wa wodi aliniita kando akaniambia, "Kama ana mama, mwite aje leo." Aliniambia waziwazi, sikukosea kusikia. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi lililoko karibu na geti, nikakupigia. Ulikuwa umeshafunga mkoba. Ulikuwa umeshamchinja yule jogoo mwekundu ili umletee supu. Nikakuambia usisumbuke, anakunywa uji, barabara ni mbovu kwa ajili ya mvua, ngoja wiki ijayo. Ukaniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikutaka kukuficha, Mama. Niliogopa. Kukuambia uje kungekuwa kukubali kwamba anakufa, na nilikuwa nimempeleka hospitali mwenyewe nikijigamba mbele ya ukoo wote kwamba Nairobi watamponya. Niliilinda sifa yangu, nikakunyima mtoto wako. Ndivyo ilivyokuwa, na siwezi kuipamba.

Na kuna moja zaidi. Jumatano mchana aliamka akaniuliza, "Mama amefika wapi?" Unajua yeye alivyopenda kuhesabu miji ya njiani. Nikamwambia umefika Nakuru. Akalala. Alhamisi asubuhi akaniuliza tena, sauti ikiwa ndogo sana, "Mama amefika Kinoo?" Alijua kwamba basi la kutoka kwetu likishapita Kinoo safari imekwisha. Nikamwambia, "Ndiyo, amefika Kinoo, sasa hivi anaingia." Akatabasamu, akageuza uso kuelekea mlangoni. Alikuwa bado ameelekea mlangoni muuguzi alipokuja kumfunika.

Hiyo ndiyo sikuwahi kumwambia mtu kabla ya Jumapili ile, hata Irene. Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu, "Hata kitanda chake sikukiona," na mimi nikatazama viatu vyangu.

Sasa nikuambie kinachonipa moyo, maana sikukuandikia ili tulie tu. Miezi miwili iliyopita Nekesa alinitumia kifurushi kwa basi, na ndani yake Biblia yako, mgongo umeachana, Mwanzo imelegea yote. Nikamuuliza, kwani fundi wa pale sokoni Kimilili amehama? Akasema hajahama, ila wewe ulimwambia, "Mpelekee yule." Mama, hukunitaja jina, lakini nilifurahi kwa hilo "yule" siku nzima. Nilikunywa chai ya jioni nikijiita Yule, mpaka Irene akaniuliza kama nina homa.

Imekamilika. Nimeishona kwa uzi wa kitani, nimeivalisha ngozi nyeusi iliyobaki kwenye kazi ya askofu mmoja, na hesabu za kurasa nimezikagua mara tatu kwa sababu sasa sijiamini. Nimekuta ule ukurasa wa majina. Mwandiko wa Baba wa kuzaliwa kwetu watatu, kisha mwandiko wako wa bluu siku Baba alipotutoka. Mbele ya jina la Simiyu bado hapajaandikwa kitu. Sikupagusa.

Sitaituma kwa basi. Naomba ruhusa niilete mwenyewe Krismasi, nikae nawe tuujaze mstari ule, wewe uandike na mimi nishike wino. Kama bado hutaki kuniona, nitaiacha kwa Nekesa na kurudi, na sitanung'unika. Yule mama wa kisima alimpa Badi maji kwa hiari yake, na mimi sitakuja kuyadai.

Wasalimie wote huko. Nekesa, dada yangu, ambaye amekuwa daraja letu na hata siku moja hajalalamika kukanyagwa. Mjomba wangu mzee wa kanisa, mwambie vitabu vya nyimbo alivyoagiza viko tayari. Mama yule jirani anayekuchungia ndama, na mke wa katekista aliyekaa nawe zile siku arobaini. Irene anakusalimu kwa heshima zote, na Nafula amekuchorea ng'ombe ndani ya bahasha. Ana miguu mitano, usimwulize. Mama Njeri naye, ambaye hajawahi kukuona, amesema nikuandikie kwamba kwake kuna kitanda.

Kitanda hicho ameniambia kwa sababu ya jambo langu la mwisho. Tukishakaa Krismasi, na goti likikubali, nataka turudi huku pamoja. Nitakupeleka hospitalini kule Upper Hill, nikuonyeshe lile benchi nililokudanganyia, na wodi, na kitanda cha dirishani alicholala, hata kama atakuwa amelala mtu mwingine. Tukitelemka njiani nitakutajia miji mmoja mmoja kama alivyofanya yeye. Nataka siku moja nipige simu huko nyumbani nikuweke wewe kando yangu, niseme Mama amefika Kinoo, na iwe kweli.

Mimi mwanao,
Wafula