Gari la Vitanda Lina Dereva Mwingine

Mjukuu wangu Salma,

Huku Guangzhou hatujambo. Shangazi yako anauza viatu, mimi bado nafunga marobota ya wateja pale sokoni Zhanqian. Umeuliza kama likizo nitarudi tusafiri tena na lile gari letu la kuigiza, la vitanda tulivyoviunganisha chumbani. Nasikia siku hizi analiendesha babu yako mzaa mama. Roho imeniuma. Usukani ule ulikuwa wangu.

Ujanani nilikuwa utingo wa lori. Niliugua, kurudi nikakuta utingo mwingine. Nikanuna. Dereva akasema, "Panda, au baki hapo uinunie barabara." Nikapanda. Njiani tukapokezana kulinda mzigo, na kwa mara ya kwanza nikalala fofofo.

Basi nakuja. Wivu ninao bado. Yeye aendeshe, mimi nitakaa nyuma na nyinyi wajukuu, tuone kama mtamkumbuka huko mbele.

Babu yako Hamisi